Makaburi, Mashine na Kaka Yangu wa Toronto

Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka pale nje ya kanisa: "Mwalimu, Ulaya kukoje?" Nimewaambia Kanada si Ulaya hadi nimechoka. Nimefundisha historia sekondari hapa hapa Morogoro mpaka nikastaafu, nimewafundisha na watoto wenu, halafu ninyi wazazi mnanitia aibu. Basi nimekaa kuandika, mpokezane msome, mniache ninywe chai yangu ya kanisani ikiwa bado ya moto. Mambo ya viza na tiketi siyaandiki, hayana utamu. Na wale mlioniuliza nimeleta nini, nilichokileta hakiliki wala hakivaliki. Mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini sikucheka mlipouliza.

Morogoro hadi Mwika

Safari ilibidi ianzie nyumbani kwetu Mwika, mlimani Kilimanjaro, kwa sababu huko ndiko lilikokuwa jambo lenyewe. Basi liliharibika Korogwe. Tulikaa kando ya barabara tukila mahindi ya kuchoma, fundi amelala chini ya gari, na abiria mmoja mwenye suti anampa maelekezo. Fundi alivumilia, akavumilia, mwisho akachomoza kichwa akamwambia, "Basi njoo ulale wewe, mzee." Tulifika Mwika jua limeshazama.

Najua utani wenu kuhusu Wachaga na ardhi, kwa hiyo nieleze mara moja. Kwetu kila familia ina kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Humo tunaishi, humo tunakula, na humo humo tunazikwa. Babu alikuwa na kihamba ambacho mtoto angeweza kupotea ndani yake. Akawagawia wanawe. Baba akapata chake, naye akagawa. Mdogo wetu wa mwisho, Aminieli, ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi kama desturi inavyotaka, na ana vijana watatu wenye ndevu. Ukiwagawia hao, kila mmoja ataondoka na migomba isiyotosha kupikia wageni wa Krismasi.

Kuni nazo zimekwisha. Nilipokuwa msichana tuliokota tu. Sasa msitu wa juu umefungwa, na miti ya kihambani imekatwa mmoja mmoja, huu kwa ajili ya msiba, ule kwa ajili ya harusi, mpaka mke wa Aminieli anachoma mabua ya mahindi na kulia kwa moshi. Hapo ndipo Aminieli na vijana wake walipopata wazo. Kikundi chao kilikuwa kimepewa mashine ya kubana maganda ya kahawa na maranda ya mbao kuwa mkaa mbadala. Mashine inataka banda, na banda linataka mahali tambarare kando ya barabara. Mahali pasipopatikana kabla ya masika ya mwaka huu kuisha, mashine ingepelekwa kijiji kingine. Kijana mkubwa alikwisha kusema kwamba ikiondoka, naye anakwenda Dar es Salaam, na wadogo zake walikuwa wakimtazama yeye.

Tambarare ya kando ya barabara tunayo moja tu, tunaiita kipande cha juu. Nusu yake wamelala baba na mama. Nusu nyingine baba alimpa kaka yetu mkubwa, Eliamani, ajenge nyumba, na siku yake ikifika azikwe hapo. Eliamani alikwenda Toronto akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha mikate mpaka akastaafu. Hakujenga.

Sasa oneni tulivyo sisi. Nusu iliyo wazi ni ya kaka, lakini mtu hai haombwi mahali pake pa kuzikwa. Ni kumchuria kifo. Ni kumwambia tumekwisha kukukatia tamaa. Kwa heshima hiyo Aminieli alimpigia kaka simu, akaomba makaburi ya wazazi yahamishiwe bondeni. Nusu ya kaka hata hakuitaja. Kaka alisikiliza, akakata simu. Tangu siku hiyo, kwa mwaka mzima, hakupokea simu ya Aminieli wala yangu. Binti yake, Neema, ndiye aliyekuwa akituandikia kwamba baba yake ni mzima.

"Dada, nenda wewe," Aminieli aliniambia. "Mimi atanifungia mlango. Wewe alikubeba mgongoni."

Nilikubali, maana nilijiona nina maneno ya kutosha. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikifundisha jinsi viwanda vilivyoanza Uingereza. Watu waliongezeka, misitu ikapungua, kuni zikawa ghali, wakageukia makaa ya mawe. Mashimo ya makaa yakajaa maji, wakabuni mashine za kuyavuta. Uhaba uliwasukuma, na wingi wa watu ukawasukuma. Nilijisemea nitamkalisha kaka nimweleze kwamba Mwika ndipo tulipofika, na hakuna nchi iliyowahi kupita hapo bila kuhamisha kitu.

Kwa tahadhari nilichukua na jani la masale. Masale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo na kuomba radhi au kuomba jambo, hawezi kukataa. Wazee wetu walisimamisha vita kwa jani hilo. Nilikata moja pale pale kipande cha juu, nikalifunga fundo, nikalizungushia kanga na kulilaza katikati ya sanduku.

Addis Ababa

Ndege ya kutoka Addis ilichelewa, wakatuambia tungoje. Niliagiza chakula nikaletewa injera, nikaidhani ni kitambaa cha kufutia mikono. Nilikikunja vizuri nikakiweka pembeni, nikangoja chakula. Mwanamke mmoja mzee, mweupe kidogo, mwenye msalaba shingoni, alikuwa meza ya jirani. Alinitazama kwa muda, akashindwa kuvumilia.

"Mama, hicho ndicho chakula chenyewe. Umega, uchovye."

Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, cha zamani. Nikamuuliza yeye ni Mhindi gani anayesema hivyo, akanirekebisha palepale: yeye ni Mgoa, wazee wake walitoka Goa, Mkatoliki, mzaliwa wa Tanga, alikuwa karani bandarini kabla hajaolewa. Jina lake Filomena. Anaishi Toronto tangu ujana, na alikuwa anatoka kuitazama Tanga kwa mara ya mwisho.

"Kwa nini ya mwisho?" nikauliza.

"Magoti," akasema. "Na nilikwenda kusafisha kaburi la mama. Nimelitafuta siku mbili. Majani yameota, msalaba umeanguka, ndugu zangu wote wametawanyika, mmoja Lisbon, mmoja Goa. Nani atafyeka? Nimemlipa kijana, lakini nikigeuza mgongo utakuwa msitu tena."

Nilimpa pole. Nikamwambia kwamba sisi makaburi yetu yako nyumbani, tunayafyeka wenyewe, na nilisema hivyo kwa majivuno kidogo. Sikumweleza kwamba nilikuwa nakwenda kuomba yafukuliwe. Tulikaa pamoja, tukala ile injera mpaka ikaisha, na kusema kweli ukishaizoea ni tamu.

Uwanja wa ndege wa Toronto

Nilifika nimevimba miguu. Mama Filomena alikuwa mbele yangu kwenye foleni, akanigeukia: "Kama una chakula au mmea wowote, sema. Usifiche kitu hapa." Nami mwalimu mstaafu wa Kilutheri sikuwa na nia ya kuficha. Nilipoulizwa nikasema ninalo jani. Nikapelekwa pembeni, kwenye meza ndefu.

Afisa alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alilifungua lile furushi la kanga kama anayemfungua mtoto mchanga. Aliuliza jani hilo ni la nini. Kiingereza changu cha darasani kilinitoroka chote, nikamwita Mama Filomena.

"Anauliza ni dawa?"

"Si dawa."

"Mboga?"

"Si mboga. Mwambie ni msamaha."

Mama Filomena alinitazama. "Niseme mapambo tu, yaishe?"

"Si mapambo. Ukiliita mapambo, nitakapolitoa mbele ya kaka litakuwa limekwisha kudanganya."

Basi akatafsiri. Yule kijana alisikiliza hadi mwisho, hakucheka. Akasema anaelewa, na kwamba anasikitika, lakini jani bichi kutoka nje haliruhusiwi kuingia, hata likiwa na kazi gani. Akavaa glovu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chungwa la mtu na soseji. Nilimwona akilikandamiza liingie. Sikumlaumu, alikuwa kazini kwake, na alinikunjia kanga yangu akanirudishia kwa mikono miwili. Lakini niliogopa. Bila jani, kaka alikuwa huru kunikatalia.

Mama Filomena alinikumbatia mlangoni. "Una mdomo," alisema. "Utaongea naye."

Magorofa ya St. James Town

Neema, niliyemwandikia kwamba naja, alinipokea. Nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Ana paji la uso la mama yetu, nikashtuka. Anaelewa kila neno la Kiswahili, ila majibu yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo njia nzima mimi nilisema kwa lugha moja, yeye kwa nyingine, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na baadhi yenu.

Wanakaa St. James Town, katikati ya jiji. Ni magorofa marefu yamesimama karibu karibu, watu wamepangwa juu kwa juu kama magunia ghalani. Lifti mbili zilikuwa mbovu, tukangoja ya tatu pamoja na umati wa mataifa yote: mama wa Kifilipino na mifuko ya mchele, wazee wa Kisomali wametoka kuswali, vijana wa Kinepali, Mkongo mmoja aliyekuwa akifoka kwa Kilingala kwenye simu. Kila lifti ilipofika ilikuwa imejaa. Hakuna aliyelalamika. Nilimuuliza Neema kwa nini watu wanakubali kuishi hivi katika nchi kubwa namna hii, akanijibu kwamba kazi ziko hapa. Nikakumbuka ubao wangu.

Kaka alifungua mlango mwenyewe. Amezeeka, jamani. Nywele zote nyeupe, mgongo umeinama upande mmoja kwa miaka ya kubeba trei za mikate. Alinishika mabega, akasema kwa Kichaga kwamba nimenenepa. Kisha machozi yakamtoka. Nami nililia. Neema alisimama na sanduku langu mkononi, hajui aliweke wapi.

Nilimwambia palepale, nisije nikaishiwa ujasiri. "Kaka, nilikuletea masale. Wamelichukua uwanja wa ndege."

Akafuta uso. "Keti ule kwanza," akasema.

Alikuwa amepika kiburu, ndizi na maharage kama alivyopika mama, ila kwa ndizi za dukani kutoka huko Amerika ya Kusini, na zilikuwa na utamu usiostahili. Nilikula nikasifu. Alijua nadanganya.

Na hapo likaisha. Siku zilizofuata hakuzungumzia jambo lile hata kidogo. Mgeni kwetu haulizwi shida yake, na mkubwa hasukumwi, kwa hiyo tulikaa wawili wenye adabu tukitazamana. Alinitembeza sokoni. Alinionyesha kanisa wanakokutana Waswahili mara moja kwa mwezi, wakisali kwa Kiswahili na watoto wao wakicheka kwa Kiingereza kule nyuma. Kwenye ukuta wa chumba chake kulikuwa na picha ya marehemu mkewe, wifi yangu, aliyefariki huko Toronto akazikwa huko huko. Sikuwahi kuja kumzika. Nilisimama mbele ya picha nikamwomba radhi.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Tukiwa mezani nikaanza somo langu lote, tangu misitu ya Uingereza hadi mashine za kuvuta maji migodini. Nilifundisha vizuri, naweza kusema. Nilimweleza kuhusu mke wa Aminieli na moshi wa mabua, kuhusu vijana watatu, kuhusu mashine inayongoja. Kaka alikuwa anamenya kitunguu. Nilipomaliza akasema, "Umefundisha. Nimesikia." Akaendelea na kitunguu.

Nilikwenda chumbani nikakasirika peke yangu. Nilijiuliza nimevuka bahari kuja kutazama mtu akimenya vitunguu.

Makaburi ya jirani

Kesho yake alinigongea. "Vaa koti zito, Ndeshi. Tutembee."

Ilikuwa Aprili lakini si Aprili yetu. Theluji ilikuwa imebaki pembeni mwa barabara, chafu, na miti haikuwa na jani hata moja. Nyuma kidogo ya yale magorofa kuna makaburi ya zamani sana, yanateremka kuelekea bonde la mto Don. Nilidhani tunapita tu. Kaka akaingia.

"Huwa nakuja hapa," alisema. "Soma."

Nikasoma. Mawe mengi yameliwa na mvua, lakini niliyoweza kuyasoma yalinikamata. Jina, halafu mahali alipozaliwa: huyu Ireland, na wilaya yake imetajwa. Huyu Scotland, kijiji chake kimetajwa. Huyu Uingereza, na mkewe pembeni, na watoto wadogo watatu kwenye jiwe moja. Mtu amekufa huku, amekaa huku maisha yake, na bado jiwe linataja kijiji alikotoka.

"Ulisema jana watu waliongezeka wakakosa ardhi," kaka alisema. "Wakaenda wapi?"

"Mijini. Viwandani."

"Wote?"

Mwaka baada ya mwaka niliwaandikisha wanafunzi kwamba wingi wa watu ulileta nguvukazi, nikapiga mstari chini ya neno nguvukazi, tukaendelea na mada nyingine. Hawa hapa walikuwa wale waliobaki nje ya mstari. Ardhi haikuwatosha kwao na kiwanda hakikuwachukua, au kiliwachukua kikawatema, wakapanda meli. Niliona haya, nawaambia kweli, kana kwamba walikuwa wamekaa darasani kwangu wakininyooshea mkono nami sikuwaita.

"Hawa nao walikuwa na kihamba," kaka akasema. "Kuna mtu alibaki nacho, na kuna mtu aliondoka. Mimi ndiye niliyeondoka. Nilijua. Nilimwachia Aminieli kahawa yangu ya kihambani, nikampa na nafasi, nikasema mimi nitabakiwa na pale juu pa kulalia. Basi. Halafu anapiga simu kuniambia baba na mama wateremshwe bondeni." Akanigeukia. "Kama baba anaondolewa, mimi nitapewa wapi? Nilielewa alichokuwa akisema. Nimefukuzwa nyumbani kwa simu, Ndeshi."

"Hapana, kaka."

"Hapana nini? Nilisikia kwa masikio yangu."

"Aliogopa kukuomba pako!" Nilipaza sauti, mama mmoja mwenye mbwa akageuka. "Nusu yako inatosha banda. Sisi sote tunajua inatosha. Lakini angeanzaje? Angesema kaka, nipe kaburi lako, nawe uko hai unapumua? Angekuchuria. Ndiyo maana aliomba la wazee."

Kaka alinikaribia. "Aliona heri amfukue baba kuliko kuniomba mimi?"

"Alikustahi."

"Alinistahi," akarudia. Akaketi juu ya jiwe la mtu, Mungu amrehemu mwenyewe, akaficha uso kwa mikono. Sikujua analia au anacheka, nadhani vyote. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nimemchukia mtoto aliyekuwa ananiheshimu. Tumekuwa wajinga, dada yangu. Wewe na ubao wako, mimi na kitunguu changu, na yule kule."

Nilikaa karibu naye. Jiwe lilikuwa baridi mpaka mifupani. Nilifurahi, nikidhani safari imefanikiwa: wameelewana, sasa atakubali makaburi yahame, au atatafuta njia nyingine. Sikuwa nimefikiri zaidi ya hapo.

Kwa wifi

Jumamosi Neema alituendesha hadi nje ya jiji, upande wa kaskazini, aliko wifi. Ni uwanja mpana, mawe yamelala chini usawa wa nyasi. Kaka alikwangua theluji kwa kiatu hadi jina likaonekana. Tuliomba. Nilimwimbia wifi ubeti mmoja wa wimbo wa kwao.

Kaka akasema kwa Kiswahili, taratibu, nadhani ili Neema asikie, "Alipokuwa anaumwa nilimwambia nitamfuata hapa. Nilikuwa namdanganya. Moyoni nilikuwa nimeshaamua nitarudishwa Mwika."

Neema aliinama akapangusa theluji iliyobaki kwenye jina.

"Ndeshi, kamwambie Aminieli wazee wasiguswe. Waacheni walale. Mashine iwekwe pangu."

Hicho ndicho kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angekiomba tangu mwanzo, na nilipokipata sikukitaka. "Kaka, sikuja kuomba hilo."

"Najua. Ungeliomba ningekukatalia."

"Wewe ni mkubwa wetu. Mkubwa hazikwi ugenini kama asiye na watu. Utalala hapa na nani? Nani atafyeka?" Nilimkumbuka Mama Filomena na msalaba ulioanguka, nikazidi kulia. "Tutatafuta mahali pengine pa mashine. Vijana waende Dar, si wa kwanza."

"Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nenda, si wa kwanza." Alivuta pumzi. "Vijana watatu wakae nyumbani. Wapate kazi nyumbani, waoe nyumbani. Mimi mmoja, nikishakufa, sihitaji mahali tambarare kando ya barabara. Wao wanapahitaji."

Neema akauliza kwa Kiingereza, sauti ndogo, kama baba yake anamaanisha atabaki huku, karibu na mama. Kaka akamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo. Yule binti, mwanamke mzima mwenye kazi yake, alimshika baba yake mkono wa koti akauegemea, akasema neno moja la Kiswahili, la kwanza nililolisikia kinywani mwake tangu nifike: "Asante." Mbele ya hilo sikuweza kubishana tena.

Kurudi Mwika

Sitawachosha na njia ya kurudi, niliilala yote. Nilimkuta Aminieli kwenye kipande cha juu na wanawe, wameshapima kwa kamba. Walikuwa wamepima upande wa makaburi. Nikawaambia wang'oe vigingi vyao, wavipeleke upande wa pili.

Aminieli hakuelewa. Nikamweleza neno kwa neno, yale ya makaburini na yale ya kwa wifi. Alikaa chini kwenye nyasi. Baadaye akasimama, akaenda kupima upande wa kaka, na mafundi wakaambiwa waje kesho yake. Lakini kwetu msingi wa jengo la ukoo mwenye nyumba ndiye anayepiga jembe la kwanza, na asubuhi ilipofika, mafundi wamejipanga, jembe liko mkononi, Aminieli hakulinyanyua.

"Siwezi," akasema. "Dada, siwezi kuchimba mahali pa kaka, naye yuko hai."

Mwanawe mkubwa akataka kulichukua jembe, nikamzuia. Nilimpigia kaka. Alipokea mara moja, kama aliyekuwa amekaa karibu na simu. Nikaweka sauti juu ili wote wasikie.

Kwanza aliomba simu isogezwe kwa wazazi. Nikainama nikaishika juu ya kaburi la baba, naye akaongea kwa Kichaga, akiwaamkia na kuwaeleza kwamba hawahami, na kwamba yeye hatakuja kulala pembeni yao, wamwie radhi. Kisha akasema, "Nipe mdogo wangu."

"Kaka," Aminieli akajibu. Hawakuwa wameongea kwa mwaka na zaidi.

"Aminieli. Nasikia unakataa kuchimba."

"Nitachimbaje, kaka? Nakuchimbia nini?"

"Unachimba msingi wa watoto. Piga jembe."

"Kaka, naomba..."

"Chimba. Mimi nipo, nasikiliza."

Aminieli alinyanyua jembe, akapiga. Udongo wa pale ni mwekundu na laini, haukugoma. Alipiga la pili na la tatu huku akilia kwa sauti, mbele ya wanawe na mafundi, wala hakuna aliyemtazama usoni. Niliishika simu karibu na shimo, mkono ukachoka nikabadilisha mkono. Tulikuwa tukisikia pumzi za kaka. Alisikiliza hadi msingi ulipomfika Aminieli magotini, na hata hapo si yeye aliyekata simu.